Msimu Huanzia Uani

Shuka ndizo ninazoanza kuziangalia. Masika yakianza kulegea, mwishoni mwa Mei hivi, napita nyuma ya hoteli za ufukweni, upande wa uani ambako mgeni hafiki, natazama kamba za kuanikia. Nikikuta shuka mbili tatu na taulo za wafanyakazi, najua msimu wa wageni bado. Siku nikikuta kamba zote zimejaa, shuka nyeupe zinapigapiga kwenye upepo wa kusi, na dobi aliyerudishwa kwao tangu Machi kasimama pale na beseni lake, naongeza mwendo kurudi nyumbani. Hakuna mwenye hoteli anayemwita dobi na kumlipa ili afue shuka zisizolaliwa.

Mimi ni mshonaji wa makuti. Naishi njia ya Kaole, kusini kidogo mwa mji wa Bagamoyo. Kazi hii nimeifanya tangu 2009, nilipoachika nikarudi kwa shangazi yangu na watoto wawili. Yeye ameishona toka usichana wake. Makuti ninayoshona ni ya viungo: unachambua majani ya mnazi yaliyokauka, unayalowesha yasivunjike, unayakunja juu ya kijiti kilichopasuliwa kutoka kwenye upongoo, ule uti wa kati wa kuti, kisha unayafunga kwa kamba nyembamba kutoka ncha moja ya kijiti hadi ya pili. Siku nzuri, isiyo na msiba wala arusi mtaani, nafikisha 40. Banda moja la kulia chakula pale ufukweni linakula mia sita na zaidi. Paa likiwa na mteremko mkali, maji yakawa hayatuami, linakaa miaka minne, mitano. Fundi akililaza, halimalizi mitatu, na lawama anatupiwa mshonaji.

Mgeni anayekaa chini ya kivuli hicho mwezi wa nane, mimi nilimshonea mwezi wa tano mvua ikinyesha. Hapo ndipo kazi yangu inapotofautiana na ya mhudumu wa mezani au kijana anayewatembeza wageni. Wao msimu wanauona ukishafika. Mimi ukifika pesa yangu imeshaliwa, na nisipoujua kabla haujafika sina cha kushona, au nina makuti tele na sina wa kumuuzia. Ndiyo maana nimejifunza kuusoma mapema, na nimejifunza kwa hasara.

Mji wetu una vipindi viwili vya wageni kutoka nje. Kimoja ni kipupwe, kuanzia Juni hadi Septemba, joto likiwa limepungua na shule za Ulaya zimefungwa. Kingine ni Desemba hadi Februari, kaskazi ikivuma. Katikati kuna vuli, ambayo mara nyingi haina ukali, na kuna masika, ambayo hufunga kila kitu. Machi ikifika mwisho wafanyakazi wanaanza kupewa likizo, viti vya ufukweni vinarundikwa stoo, na bahari inageuka rangi. Mto Ruvu unamwaga maji yake kaskazini mwa mji, na wakati wa mvua kubwa unaleta tope lote la bara. Maji yanakuwa kama chai ya maziwa. Mvua zikikatika tope linatulia, na asubuhi moja unaamka bahari ina rangi yake.

Nilipokuwa mgeni wa kazi hii, nilidhani hiyo ndiyo dalili kubwa. Nilirudi mbio siku moja nikamwambia shangazi bahari imesafika, kusi imeingia, tukanunue makuti mabichi tuyaanike. Alikuwa kakaa barazani, mkeka umejaa majani, hakuinua hata kichwa.

"Bahari ikisafika imesafika tu, mwanangu. Haijaagiza kuti hata moja. Nani katoa?"

Nani katoa. Maana yake, nani ametoa pesa yake mfukoni kwa ajili ya wageni ambao hawajafika? Sikumwelewa vizuri. Nilichukulia ni ugumu wa wazee. Nilikuja kumwelewa 2020.

Lakini kabla ya huko, niseme kuhusu dalili zinazodanganya, kwa sababu nimeona wenzangu wengi wakiumia nazo, hasa akina mama wanaoweka mtaji kwenye vitafunwa na vikapu.

Pasaka ni mojawapo. Inaangukia masika, lakini watu wa Dar es Salaam hawajali. Ni kilomita 70 hivi, barabara ya lami, wanapakia watoto wanakuja. Siku nne mji unachangamka, chipsi zinaisha, bajaji hazipatikani. Jumanne asubuhi ufukwe hauna mtu. Aliyeona magari ya Ijumaa Kuu akakimbilia kukopa, anabaki na mzigo hadi Juni.

Semina ni nyingine. Mwaka wa fedha wa Serikali unakwisha tarehe 30 Juni, kwa hiyo Mei na mwanzoni mwa Juni hoteli zenye kumbi zinajaa watu wa warsha. Unaona magari meupe yenye namba za STK na DFP, ya Serikali na ya miradi ya wafadhili, yamepangwa, unasikia vipaza sauti. Shuka nazo zinajaa kambani, maana wanasemina wanalala. Huo ni ugeni wa heri, umelisha watu wengi hapa. Lakini mwanasemina anakaa ukumbini penye kiyoyozi na jioni anapanda gari kwenda mjini. Haendi banda la makuti, haendi Kaole kwa baiskeli, na mwenye hoteli hanunui paa jipya kwa ajili yake. Nilipogundua hivyo, nikaanza kutazama viatu pia. Nje ya vyumba vya wanasemina kuna viatu vya ngozi. Wageni wa msimu wanaacha ndala na mchanga mlangoni.

Tena kuna uharibifu. Mwanzoni mwa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani yetu, upepo ulivuma vibaya. Mabanda kadhaa niliyoyajua kwa idadi ya makuti yake yalifunuka mgongo. Wiki ile nilipigiwa simu na watu wanne. Mtu angeweza kusema kazi imerudi. Lakini kila mmoja alitaka makuti 50, 80, ya kuziba tu. Anayeziba anaokoa alicho nacho. Anayetegemea wageni anang'oa paa lote analivika upya, kwa sababu hataki mtu aliyelipa pesa nyingi atazame juu aone viraka. Kwa hiyo niliwashonea wale wanne, nikawashukuru, na sikuajiri mtu wa kunisaidia.

Sasa 2020.

Kaskazi ya mwaka ule ilikuwa nzuri. Januari na Februari shuka zilijaa kila siku. Wageni walikuwa wakipita mbele ya nyumba yetu kwa baiskeli wakienda kwenye magofu ya Kaole, asubuhi kabla jua halijawa kali, na kijana wa kuwaongoza akiwa mbele. Wengine walisimama kunitazama nikishona. Niliwaonyesha, wakajaribu, vidole vikawachoma, tukacheka. Katikati ya Februari meneja wa hoteli moja akanifuata nyumbani kwa gari. Alitaka makuti 3,000. Alisema wanaongeza mabanda matano upande wa mikoko, yawe tayari kabla ya Juni. Bei tulikubaliana shilingi 500 kwa kuti. Nilipomuuliza arbuni, akasema, "Mama, sisi na wewe ni wa siku nyingi. Wewe anza tu, tutaonana mwisho wa mwezi."

Na kweli tulikuwa wa siku nyingi. Nilimwamini, na hata leo sisemi alinidanganya. Alikuwa na nia. Lakini shangazi aliuliza swali lake lile lile jioni ile, nami nikamjibu kwa ukali kidogo kwamba shuka zimejaa, mwenyewe nimeziona. Akanyamaza.

Nilikopa shilingi 500,000 kwenye kikoba chetu, kikundi cha kuweka na kukopa. Nikanunua makuti mabichi kwa wenye minazi wa Kaole na Mlingotini, nikalipa mkokoteni na pikipiki, nikawaita wanawake sita tushone pamoja, kila kuti nikiwalipa 150. Ua wetu ulijaa. Watoto walikuwa wakijificha nyuma ya rundo. Katikati ya Machi tulikuwa tumefika 2,200.

Tarehe 16 Machi ikatangazwa kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona amepatikana Arusha. Kesho yake shule zikafungwa. Aprili ndege za abiria kutoka nje zikasitishwa. Nilikwenda hotelini kumtafuta meneja, nikamkuta mlinzi peke yake amekaa kwenye kiti cha plastiki getini. Meneja naye alikuwa ameambiwa aende nyumbani. Simu yake iliita siku mbili, halafu ikawa haipatikani.

Nilipita uani. Kamba zilikuwa wazi, hazina hata kitambaa cha jikoni. Pale ndipo nilipoona kosa langu. Shuka za Februari zilinieleza habari za wageni wa Februari. Mimi nilikuwa nimezisoma kama habari za Juni.

Makuti yaliyorundikwa hayangoji. Mvua za masika ziliyalowesha ya juu, mchwa wakala ya chini, panya wakazaa katikati. Niliuza kama 700 kwa watu wa mtaani, ya kuezekea majiko na mabanda ya kuku, kwa shilingi 150, bei ile ile niliyolipa kushonwa. Mengine tulichoma. Wale wanawake sita niliwalipa wote kwanza, kabla ya kikoba, kwa sababu wao walikuwa wameshatoa jasho lao. Deni la kikoba nililimaliza baada ya miezi 13, kwa vitumbua vya asubuhi na kwa kusuka makumba, yale makuti ya kusukwa. Wanakikundi walinivumilia. Katibu wetu alikuja nyumbani mara tatu, na mara zote alikuja na kitu mkononi: unga, sukari, sabuni. Hakutaja deni hata mara moja. Hilo siwezi kulisahau.

Juni ya mwaka ule ilifika kama kawaida. Kusi ikavuma. Ruvu ikatulia, bahari ikasafika, ikawa nzuri ajabu, hata nikahisi ni nzuri kuliko miaka yote. Maji yalipokupwa wakati wa bamvua, mchanga ulikwenda mbali mpaka mtu akitembea huko anaonekana kama kijiti. Na ufukwe mzima hapakuwa na mgeni. Nilisimama pale nikakumbuka maneno ya shangazi: haijaagiza kuti hata moja.

Walioturudia kwanza walikuwa watu wetu wenyewe. Hili nataka nilieleze vizuri, kwa sababu lilinibadilisha. Sikukuu ya Idd el Hajj iliangukia mwisho wa Julai. Siku ile na siku zilizofuata magari yalikuja kutoka Dar es Salaam, familia nzima nzima, bibi mbele, watoto nyuma, sufuria la pilau kwenye buti. Walikaa kwenye mabanda ya hoteli zilizokuwa zimefungua nusu, wakanunua soda na samaki. Wiki iliyofuata wakaja wengine, na Nane Nane wengine tena. Kwa miaka 11 sikuwa nikiwahesabu hawa. Nikisema "wageni" nilikuwa na maana ya wazungu. Nilikuwa nawapita barabarani bila kuwaona, nikitafuta baiskeli.

Agosti mwanamke mmoja mwenye sehemu ndogo ya chakula karibu na ufukwe akaja kwangu kwa miguu. Alitaka makuti 300. Alisema wateja wake wa Jumamosi wameongezeka na paa linavuja. Kabla sijafungua mdomo alifungua pochi akanihesabia shilingi 75,000, nusu ya bei. Nilikaa na pesa ile mkononi muda mrefu. Shangazi alikuwa ndani. Nilimsikia anasema taratibu, kama anayejisemea, "Huyo sasa."

Tangu siku hiyo sishoni bila arbuni ya nusu. Limenigharimu sharti hili. Hoteli mbili kubwa nilizokuwa nikizishonea zimeniacha, zikasema taratibu zao za malipo haziruhusu, zikapata washonaji wengine. Mmoja wao ni binti niliyemfundisha mwenyewe. Sina kinyongo naye. Ndiyo kwanza anaanza maisha, na mimi katika umri wake ningefanya vivyo hivyo. Nilimweleza tu habari za rundo la 2020. Alilikumbuka. Alikuwa mmoja wa watoto waliokuwa wakijificha nyuma yake.

Siku hizi basi, nikitembea mjini, sitazami kilichopendeza. Natazama kilicholipiwa. Mpishi wa hoteli akianza kuja mwenyewe mnadani asubuhi, pale samaki wanapopigiwa mnada ufukweni, na boksi lake la barafu, badala ya kumtuma kijana anunue kilo mbili, hiyo ni pesa imetoka. Kwetu dalili hiyo ina uchungu wake, sitaficha. Siku anapoanza kuja, kamba wakubwa na pweza wanapanda bei kabla ya saa tatu, na mama wa kawaida anarudi nyumbani na dagaa. Msimu unatulisha, lakini wiki zake za kwanza unatunyang'anya sufuria. Sijui mwenye mji anayelizungumza hili na wageni wake, nami nadhani lingefaa lizungumzwe.

Reki za ufukweni nazo ni dalili, ila ndogo. Kusi inatupa majani ya bahari mchangani, marundo na marundo, na hoteli isiyo na mgeni inayaacha yaoze. Ukikuta mistari ya reki asubuhi, ujue kibarua mmoja amelipwa. Mmoja tu. Nahitaji na lingine la kuandamana nalo. Wanafunzi wa TaSUBa, chuo chetu cha sanaa, wakiitwa hotelini kupiga ngoma jioni za katikati ya wiki, hiyo ni kubwa zaidi. Jumamosi hupigiwa watu wa Dar. Jumatano hupigiwa mtu aliyetoka mbali.

Na kubwa kuliko zote ni simu ya binti yangu. Amekuwa mhudumu wa vyumba katika hoteli moja kwa miaka minne. Kila Aprili wanamwambia apumzike, watamwita. Anarudi nyumbani, ananisaidia kuchambua majani, simu yake kaiweka juu ya mkeka karibu na goti. Haiachi. Akienda kuoga anampa mdogo wake aishike. Mimi namtazama nikishona, naona anavyoshtuka ikiita halafu ikawa ni kampuni ya simu na matangazo yao. Watu wanaoandika habari za utalii wanahesabu ndege na vitanda. Mimi naijua kwa bega la mwanangu linavyoshuka.

Mwaka huu waliwaita wenzake wawili kwanza. Yeye akasubiri siku tisa. Siku ya kumi ikaita akiwa anakula. Akajibu, "Ndiyo bosi, naweza hata kesho," akaweka sahani chini, akaenda kutafuta sare yake iliyokuwa chini ya sanduku. Hatukusema kitu. Nilimpigia pasi mimi mwenyewe.

Jana jioni, karibu na magharibi, fundi wa kuezeka ninayemfahamu akasimamisha pikipiki mbele ya baraza. Alimwamkia shangazi, akaitikiwa marahaba, akakaa kwenye ngazi. Banda moja kubwa na vivuli sita vya ufukweni, alisema, makuti 1,100, paa la zamani linateremshwa Jumatatu. Nikamwambia anajua sharti langu. Akasema anajua, ndiyo maana kachelewa kuja, alikuwa anamngoja mwenye mali. Akatoa bahasha.

Shangazi macho yake sasa hayaoni vizuri, lakini alisikia karatasi.

"Nani katoa?" akauliza.

Nikamwekea bahasha mkononi. Akaifungua, akazipapasa noti moja moja kwa kidole gumba, kama anavyopapasa jani kujua kama limekauka sawasawa. Alipofika mwisho akanirudishia, akavuta mkeka karibu, akaniambia niwaite watoto wachote maji. Majani yaliyokuwa uani yalikuwa makavu mno, na bila kuloweshwa usiku ule yasingekunjika asubuhi.